Nilivyofunua Sufuria ya Mama Neema

Naona aibu hata kusimulia. Mimi ni nesi, na kliniki huwa nawakataza kina mama kufunika wali jikoni kwa nailoni, maana ikipata moto huacha chembe za plastiki tunazozila bila kuziona.

Juzi, kwenye sherehe ya kipaimara huko Lyamkena, niliona kitu cha kijani kikichungulia chini ya mfuniko wa sufuria.

"Mama Neema, unatulisha plastiki?" nikamuuliza mpishi mbele ya wageni, nikafunua mwenyewe.

Yalikuwa majani ya mgomba.

"Nailoni niliacha uliponifundisha, nesi," akasema kwa upole. "Ila hiyo chai ya moto unainywea kwenye nini?"

Wote wakanitazama mkononi. Nilikuwa nimeshika kikombe cha plastiki, kimeshalegea kwa joto.