Keturah Gannett na Siku za Kutetemeka

Asahel Gannett alipofika Ohio na familia yake, mwaka wa pili tangu nchi ile ifanywe jimbo, aliteremka kwenye mkokoteni, akachota udongo mweusi wa bondeni, akaunusa, kisha akautia mdomoni. Mkewe Keturah alikuwa bado ameketi juu ya mizigo na mabinti zao mapacha wa miaka minne. Akamtazama mumewe akitafuna.

"Vipi, umeiva?" akamwuliza.

"Mke wangu, kule Connecticut tulikuwa tunalima mawe. Huku hata ukichomeka fimbo, itaota."

Keturah alinyoosha kidole kilimani. "Pale juu kuna upepo, na wanasema kuna chemchemi. Tujenge pale, tulime hapa."

"Nipande na kushuka kila siku kama mbuzi? Hapana. Tutajenga hapa hapa, shamba liwe mlangoni."

Basi wakajenga nyumba ya magogo hatua thelathini kutoka mtoni. Mahindi yakaota kweli, marefu kumpita Asahel na kofia yake. Asahel akamwandikia kaka yake kwamba amepata mahali pazuri kuliko pote duniani, na mtu hafiki huko ila kwa akili nyingi. Hiyo ilikuwa Julai. Agosti ikaingia na homa.

Ilikuwa homa ya vipindi. Jua liliposimama juu ya miti, mtu alishikwa na baridi ya kugonganisha meno, kisha joto, kisha jasho chapachapa, na jioni akaachiwa apumzike siku moja kabla ya kuitwa tena. Bahati yao ni kwamba haikuwashika siku moja. Leo alitetemeka Asahel, kesho Keturah, keshokutwa tena Asahel, kwa hiyo kila siku alikuwapo mtu mzima wa kukamua ng'ombe. Mapacha iliwapitia juu juu. Aliyesalimika kabisa ni Bibi Temperance, mama yake Asahel, mwembamba kama ufito, aliyevuta kiko tangu asubuhi na kuamini kwamba homa haipendi moshi. Siku ya Asahel ikifika, bibi huyo alimtilia mwanawe chupa ya malai ya maziwa mikononi chini ya blanketi.

"Kama ni kutetemeka, mwanangu, tetemeka kwa faida," alimwambia. Jioni walipata siagi.

Siku moja ya Asahel, dubu alikuja kwenye zizi la nguruwe. Walikuwa na nguruwe mmoja tu, jike lenye mimba, na lilikuwa ndilo nyama yao ya mwaka mzima. Asahel alitoka na bunduki, blanketi mabegani, meno yakigongana. Akalenga. Mtutu ukazunguka kwenye mti, kwenye paa, kwenye mawingu, kisha bunduki ikalia. Risasi ikatoboa pipa la maji. Keturah akanyakua chungu cha chuma na mwiko, akamwendea dubu akigonga na kumtukana ukoo wake wote, mpaka dubu akaona si ugomvi wa kuuendeleza, akaondoka. Lakini nguruwe naye alikuwa ameshavunja ua na kutimkia kilimani.

Bibi Temperance alitazama maji yakichuruzika kwenye pipa. "Ulikuwa unamlenga dubu yupi, mwanangu?"

"Niliona wawili, mama."

"Basi umempiga yule wa katikati."

Keturah alifuata nyayo mpaka juu. Alimkuta nguruwe kando ya chemchemi, akila matunda ya mialoni, na hakuna ushawishi uliomshusha, si mahindi wala kiboko. Pale palikuwa na nyumba ya jirani yao, Hepzibah Stroud, mwanamke mnene mwenye mashavu mekundu, aliyekuja kuona kelele ni za nini.

"Mwache, shoga. Ana akili huyo," Hepzibah alisema. "Mbona umekuwa wa njano hivyo?"

"Homa. Nyinyi haiwashiki?"

"Sisi tunaisikia tu inapotajwa huko kwenu. Kibanda chetu cha kwanza kipo wazi, hata leo mkitaka. Wamo kuku tu."

Jioni ile Keturah alimweleza mumewe. Asahel aliweka kijiko chini. "Nimeshamwandikia kaka yangu. Mwanamume hahami kwa sababu nguruwe amehama."

Keturah hakubishana. Kesho yake ilikuwa zamu yake ya homa, akalala na kutetemeka. Keshokutwa, mume alipokwisha kujifunika gubigubi, alibeba gurudumu lake la kusokotea nyuzi.

"Linakwenda wapi hilo?" sauti ilitoka chini ya blanketi.

"Kupunga upepo."

Siku ya Asahel iliyofuata vikaondoka vyungu. Iliyofuata, meza, ikivutwa na maksai. Siku zake za uzima Asahel alikuwa shambani, akirudi jioni alikula uji mzito wa mahindi, bakuli juu ya magoti, akitazama mahali meza ilipokuwa, na kiburi kikamzuia kuuliza. Kisha wakaenda mapacha, wakicheka, wakawa wanalala kwa Hepzibah. Kisha siku moja akafumbua jicho, akamwona mama yake ameketi kwenye kiti chake, na kiti kipo juu ya sleji ya kuburutia magogo, na kiko chake cha tumbaku mdomoni.

"Mama, hata wewe?"

"Mimi nafuata kiti changu."

Siku hiyo Keturah naye hakurudi kulala. Alimwachia maji na mkate wa mahindi, akamwambia kibanda hakina mlango na dubu bado yupo, watoto hawawezi kuachwa. Asahel akajibu kwamba ataishi vizuri sana peke yake. Akaishi vizuri siku moja. Kesho yake baridi ilimshika akiwa anatafuta kikombe, na vikombe vyote vilikuwa kilimani. Alikuwa kitandani, magoti yamegusa kidevu, Keturah aliposimama mlangoni na maksai.

"Nimekuja kuchukua kitanda," alisema.

"Nimo ndani."

"Naona."

Akamwinua na godoro lake, akamlaza kwenye sleji juu ya mbao za kitanda, akamfunga kamba asidondoke. Walipofika katikati ya mlima, sauti ikatoka kwenye blanketi.

"Nimekuwa nikifikiri, mke wangu. Labda tuhamie juu."

"Wazo zuri, bwana."

Sleji ikapanda hatua chache. Kisha Asahel akasema, bila mzaha safari hii, "Niliogopa. Niliona tukianza tu kuhama, hutasimama mpaka Connecticut."

Keturah alisimamisha maksai. "Wiki ya pili ya homa nilifunga mzigo. Nilikuwa naondoka na watoto. Mama yako akaufungua, akazirudisha nguo mahali pake moja moja, hajanena neno mpaka leo."

Asahel alitoa mkono kwenye blanketi, akamshika kidole. Wakabaki hivyo mpaka maksai akachoka kungoja na kuanza kupanda mwenyewe.

Nguruwe alizaa wanane, na dubu akapata mmoja tu. Oktoba majirani walikuja na mashoka, wakajenga nyumba kwa siku moja, Bibi Temperance akiwa kwenye kiti chake akiwaonyesha kila kona iliyopinda. Mlango Asahel alisisitiza kuupachika mwenyewe, ijapokuwa ilikuwa mojawapo ya siku zake za mwisho za homa, na mtu yeyote aliyetaka kumshikia nyundo alifukuzwa. Haukupata kufungika sawasawa. Keturah aliishi nyumba ile miaka ishirini na sita, akazaa mara tatu zaidi, na kila majira ya baridi aliegemeza gunia la mahindi nyuma ya mlango ule. Wageni walipouliza, alisema mumewe ni fundi, ila siku hiyo alikuwa na haraka.