Hii Si Mpaya

Muziki huu ulinikuta mikono yangu ikiwa na kazi. Nilikuwa nashona gauni la bibi harusi, la satini, kitambaa ambacho ukikiachilia kidogo tu kimeshajikunja na kukuaibisha mbele ya watu. Simu ilikuwa juu ya rafu ikinipigia nyimbo za injili kama kila siku. Wimbo ukaisha, simu ikajichagulia mwingine, kisha mwingine, ikizidi kupotea njia, mpaka nikasikia mtu anapuliza saksafoni kama anayegombana na jirani ng'ambo ya ua. Hapakuwa na mwimbaji. Ngoma ilikuwepo, lakini haikuwa ngoma ya kutingishia kichwa. Kinanda kilikuwa kinapigwa kama mtu anatafuta funguo zake gizani.

Nilitaka kuuzima. Lakini mguu ulikuwa kwenye pedali ya cherehani, mikono yote miwili ndani ya satini, na mshono wa kiunoni haukatizwi katikati. Nikasikiliza kwa kulazimishwa. Nilipofika mwisho wa mshono wale watu walikuwa bado wanagombana, na mikono yangu sasa ilikuwa huru. Sikuinuka.

Mume wangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Tangu siku hiyo kila mtu alikuwa amenipangia namna ya kuhuzunika: kwanza ulie, halafu umshukuru Mungu, halafu ujikaze. Nilipitia hatua zote hizo kwa utaratibu, mbele ya mashahidi. Sasa hawa watu kwenye simu walikuwa wanafanya yote matatu kwa wakati mmoja, hakuna aliyepanga foleni, na hakuna aliyemwambia mwenzake pole. Nililia vizuri siku ile. Gauni lenyewe nililitoa kwa wakati.

Niseme mimi ni nani. Ni fundi wa nguo mjini Kericho, hasa sare za shule, harusi zikipatikana. Wazazi wangu walitoka Nyeri wakaja kufanya biashara huku kwenye majani chai. Ndugu zangu wengi walihamia Nakuru mwaka ule wa fujo za uchaguzi. Mimi na mume wangu tukabaki. Watoto wameenda wanakoenda watoto. Kwa hiyo nyumbani tupo mimi, cherehani, na mvua ya saa nane ambayo haijawahi kunisahau.

Jambo nililolitaka lilikuwa dogo. Nilitaka mtu mmoja asikilize muziki huu pamoja nami mpaka mwisho. Asiupende, sawa. Asikilize tu, kisha tuzungumze.

Nilituma kipande kwenye kundi la familia la simu. Mmoja akaweka mikono miwili ya kuomba. Mwingine akauliza kama nimefiwa tena. Binti yangu akanipigia: "Mum, uko sawa? Hiyo ni nini inalia?" Nikamwambia ni muziki. Akaniuliza kama nakula vizuri.

Rafiki yangu wa kanisani alikuja kunywa chai. Nikamwekea muziki, naye kwa heshima akashika kikombe akatega sikio, dakika tano nzima. Nikaanza kupata moyo. Halafu akaniinamia na kuuliza polepole, "Sasa wimbo utaanza saa ngapi?" Alidhani bado wanajaribu vyombo. Nilicheka mpaka chai ikanipalia, lakini alipoondoka sikuwa na kicheko chochote.

Siku za soko nilikuwa napeleka sare Ndanai. Karibu na meza yangu alikuwa mzee mmoja Mkipsigis, mtu wa Soin, aliyeuza vitu vya zamani: redio, pasi za makaa, na santuri, zile sahani nyeusi za muziki zilizookotwa kwenye nyumba za watu wanaohama au waliofariki. Alikuwa na mashine ya kuzipiga, ameiunganisha na betri ya pikipiki. Siku nzima ni nyimbo za gitaa za zamani na za kanisa. Mashine kama hiyo nilikuwa nayo nyumbani, aliiacha mume wangu, imefunikwa kitambaa.

Nikamwendea. "Mzee, huna ile muziki haina mpango? Kama kelele?"

Akaniangalia kutoka viatuni hadi kilembani. "Mama, hapa nauza msuri peke yake. Ile mpaya naweka chini ya mesa."

Alitamka hivyo, mpaya badala ya mbaya, kama wengi wa kwao. Mimi ninayechanganya r na l tangu utoto sina la kumcheka. Nikainama chini ya meza nikapata mbili. Moja ilikuwa hotuba za kilimo. Ya pili ilikuwa yenyewe: watu wanne, upande mmoja kipande kimoja, hakuna mahali pa kushika.

Tangu hapo ikawa desturi. Nikifika naye ameniwekea. "Mama, leo nimekupatia mpaya sana." Au, "Hii ni mpaya, lakini kidogo." Nilipomuuliza anazijuaje alinieleza bila aibu: anaiweka kwenye mashine katikati ya soko, na wateja wakikimbia, hiyo ni yangu. Siku moja alinionyesha nikaona kwa macho yangu. Akaweka sindano, na mama wawili waliokuwa wanachagua pasi wakainuka wakaenda zao. Akaitoa, akaifuta kwa mkono wa koti, akanipa kama daktari anayempa mgonjwa dawa.

Kwa miaka sita nilikusanya mpaya zangu thelathini na saba. Nyingi zina maandishi ya lugha nisizozijua. Nimezishonea mifuko ya khaki iliyobaki kwenye sare, kila moja na kifungo chake. Nazisikiliza Jumapili baada ya ibada, kabla mvua haijaanza kupiga mabati, maana mvua ya Kericho ikianza hakuna saksafoni itakayoishinda. Ninakaa kwenye kiti changu. Kiti cha pili kipo, na sikukiondoa.

Kuhusu yule mzee, nilimwona kama mtu wa biashara tu. Sikufikiria kama ana masikio. Naandika hivi nikiona haya, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nalalamika kwamba hakuna anayenisikia.

Kisha siku moja, mwisho wa muhula, alinipa santuri bila kuifuta. Alikuwa ameifunga kwenye gazeti. Akaishikilia kidogo kabla ya kuiachia.

"Mama," akasema, "hii si mpaya."

Nilidhani mpaya zimeisha na sasa ananipakia zile nyimbo za kubembeleza wageni hotelini ili mradi auze. Nikajiambia, ona, miaka yote hii na bado hajui ninachotaka. Mimi nina hasira za karibu, hata marehemu alijua. Nilimlipa, nikashukuru kwa midomo, nikaenda kuitupa nyuma ya majora ya vitambaa nyumbani. Hata gazeti sikulifungua.

Soko lililofuata alikuja kwenye meza yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nilikuwa napunguza sketi ya mtoto aliyesimama mbele yangu, pini zimejaa mdomoni.

"Mama, ulisikia ile?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Pale wote wananyamaza? Ulisikia?"

Nikaitikia tena. Sikuwa nimesikia chochote. Alibaki amesimama, kofia mkononi, akingoja nitoe pini mdomoni ili tuzungumze. Sikuzitoa. Nilijifanya pindo la ile sketi linataka macho yangu yote. Baada ya muda akasema, "Haya, mama," akarudi kwenye redio zake.

Shule zikafungwa, nikakaa bila kwenda Ndanai. Zilipofunguliwa, mahali pake palikuwa na mtu wa mabeseni. Nikadhani amehamia soko lingine. Kusema kweli nilikasirika kwamba hakuniaga.

Miezi ikapita. Jumapili moja nilikuwa natafuta khaki nyuma ya majora, nikashika lile gazeti. Nikalifungua kwa kukosa kazi, jaladani kuna picha ya kiti kitupu, nikaiweka santuri kwenye mashine nikitegemea kudharau.

Haikuwa ya hotelini. Katika zote nilizonazo, hiyo ndiyo inayokwenda mbali zaidi. Watu watatu tu, saksafoni, ngoma, na fidla kubwa inayosuguliwa mpaka inanguruma. Wanapanda, wanapanda, unafikiri sasa mmoja wao ataumia. Halafu, upande wa pili, karibu na mwisho, wote wananyamaza kwa pamoja. Nilidhani sindano imeruka. Nikainama kuitazama, inazunguka vizuri. Kimya kile kinakaa. Ndani yake, mbali kidogo, mtu anakohoa. Kikohozi kimoja, cha kujizuia, cha mtu aliyekuwa ameshika pumzi kama mimi. Na saksafoni inarudi chini kabisa, taratibu, kama inamjibu yule aliyekohoa.

Nilikaa pale mpaka mvua ikaanza. Huwezi kujua kuhusu mahali pale kwa kuangalia wateja wakikimbia. Lazima ukae, usikilize upande wa kwanza wote, ugeuze, usikilize karibu upande wa pili wote. Mzee alikuwa amekaa. Kwa miaka sita nilikuwa natafuta mtu mmoja, naye alikuwa meza ya tatu kutoka kwangu, na siku alipokuja kunizungumzia nilimfungia mdomo kwa pini.

Soko lililofuata nilimuuliza mwuza kamba. Akaniambia mzee alishikwa na homa ya uti wa mgongo, akalazwa, karibu afe. "Alipona," akasema, "lakini masikio ilienda. Hasikii kitu. Hata radi."

Nilikwenda Soin Jumamosi iyo hiyo, santuri ikiwa kwenye mfuko wa khaki niliouharakisha asubuhi. Unateremka kutoka baridi ya Kericho, majani chai yanakuacha, miwa inaanza, na joto linakuvua sweta. Mke wake alikuwa anaanika mahindi uani. Nilipomwambia nimetoka wapi akanitazama vizuri.

"Ni wewe yule mama wa kelele!"

"Ni mimi."

"Alinimaliza na hiyo kelele yako. Ulipochukua ile ya kwanza, alileta ingine nyumbani kuona kwa nini mtu ananunua. Halafu akaanza kukaa nayo. Jioni yote, upande huu, anageuza, upande ile. Namwambia, peleka kwa mwenyewe, anasema bado hajamaliza." Akacheka, kisha akaacha. "Ile ya mwisho alikaa nayo karibu mwezi. Akitoka soko namuuliza, huyo mama amesema nini? Ananiambia, alikuwa na kazi mingi."

Akaniongoza barazani.

Mzee alikuwa amekonda. Alikuwa anapukuchua mahindi kwenye beseni, na hakugeuka mpaka kivuli changu kikamfikia. Akanitambua mara moja. Akasimama kunisalimu, sauti yake kubwa mno, sauti ya mtu asiyejisikia. "Chamgei, mama!" Nikaitikia kwa Kipsigis changu kibovu, akawa anaangalia midomo yangu bila kuambulia kitu.

Nikatoa santuri kwenye mfuko. Akaipokea kwa mikono miwili. Akagusa kile kiti kitupu cha jaladani, kisha kile kifungo nilichokishona.

"Hii si mpaya," akasema kwa sauti ya kusikika barabarani. "Ulisikia? Pale wananyamaza?"

Nikaitikia kwa kichwa. Hapo hapo nikaona nilichofanya. Ilikuwa ishara ile ile niliyompa Ndanai, kichwa kile kile, na mzee alinitazama vile vile alivyonitazama siku ile, kwa adabu, akijua. Kusoma hajui, ningeandika nini? Nilitamani kulia, na ningelia, lakini angedhani namlilia masikio yake.

Nikaweka mkoba chini. Nikafumba ngumi zote mbili nikazizungusha hewani, juu, juu zaidi, kama mwenda wazimu, mama mzima wa kanisa kwenye baraza la watu. Halafu nikazisimamisha. Nikabana pumzi, nikakaa hivyo, sitingishiki, mzee ananikodolea macho. Nikahesabu moyoni kimya kile kwa urefu wake wote, maana ninaujua. Kisha nikaziba mdomo kwa ngumi, nikainama kidogo, nikakohoa. Kikohozi kimoja, cha kujizuia.

Uso wake ukafunguka. Akapiga goti lake kwa kiganja, akacheka mpaka beseni la mahindi likapinduka. Akaninyooshea kidole, akaziba mdomo wake mwenyewe, akakohoa kile kikohozi kama kilivyo hasa, kwa urefu wake, akiwa hasikii hata chake. Nami nikamjibu chini, taratibu, kwa mdomo, ile sauti ya saksafoni ambayo haikumfikia.

Mke wake akatoka mbio na kikombe cha maji, akidhani mmoja wetu amepaliwa. Akatutazama mmoja mmoja.

"Nini?" akaniuliza. "Mnacheka nini?"

Nikamvutia kigoda akae, nikafumba ngumi zangu tena.