Dakika za Espérance

Ukimuuliza Dokta Olivier ni reko gani mwenye daftari safi kuliko wote Bunia, hatasita: ni Mama Dorothée, muuza sombe, yale majani ya muhogo. Reko ni mtu wa mtaa anayepita nyumba kwa nyumba kwa kazi za afya, na kwa miaka miwili Dorothée alikuwa akizungukia nyumba arobaini kwa ajili ya utafiti wa kifafa. Dokta na wenzake walitaka kujua kama minyoo inayoletwa na inzi wadogo weusi wa mtoni ndiyo inayowaangusha watoto wengi namna hii. Mgonjwa akianguka, reko aliyepo aandike: ameanza saa ngapi, ametulia baada ya dakika ngapi. Wenzake waliandika "kama dakika tano hivi". Dorothée aliandika dakika nne na sekunde ishirini.

Dokta alimsifu mbele ya watu. Laiti angejua! Mama huyu aliikodolea saa macho kwa sababu moja tu: mwenye kalamu mkono mmoja na saa mkono wa pili, nani atamwambia amshike mgonjwa?

Maana Dorothée alikuwa anaogopa, tena si woga wa mchezo. Aliogopa povu la mgonjwa. Kila nyumba alisimama akatangaza kwa sauti ya kanisani: "Kifafa haiambukizi, bamama! Mukamate mutoto, mumulaze kwa ubavu." Kisha akirudi kwake alijisugua mikono kwa majivu mpaka ngozi ikawaka, ingawa hakuwa amegusa mtu. Alipokuwa na miaka kumi, kaka yake Xavier alishikwa na kifafa akaangukia moto jikoni, na nyanya yao akapiga kelele kwamba atakayeguswa na povu lile, ugonjwa utamhamia. Watu wanane walisimama wakatazama. Dorothée alikuwa wa tisa, ufagio mkononi. Alimpenda Xavier kuliko mtu yeyote duniani, na hakusogea hata hatua moja. Xavier hakupona.

Sasa basi, Jumanne moja asubuhi alifika kwa Brigitte, mama mjane aliyehamia Bunia na binti yake mgonjwa, Espérance, wa miaka kumi na minne. Brigitte alikuwa amekwenda kuteka maji. Espérance alikuwa peke yake uani, anakoroga maharage kwenye mbabula, jiko la makaa.

"Karibu, Mama reko," alisema, na mwiko ukamtoka mkononi. Akatoa ule mlio ambao Dorothée aliujua tangu utotoni, akaanguka, mkono wake wa kushoto ukalala juu ya makaa.

Na Dorothée akafanya nini? Akatazama saa. Akaandika: saa tatu na dakika kumi na mbili. Ndiyo, aliandika, vizuri kabisa, kwa mwandiko wake ule ule wa kusifiwa, huku harufu ya nguo inayoungua ikimwingia puani.

Majirani wawili walichungulia juu ya ua. "Usimuguse, Mama! Povu inatoka! Itakukamata na weye!"

Ilikuwa kama nyanya amefufuka. Kwa kweli alitaka kukimbia. Badala yake daftari likaanguka. Alimkumbatia mtoto kwa nyuma, akamvuta kutoka motoni huku analia kwa sauti, akamlaza kwa ubavu kama alivyowafundisha wengine mara mia bila kufanya hata mara moja. Povu likamtiririkia kiganjani. Lilikuwa la vuguvugu. Alifumba macho, lakini hakumwachia.

Brigitte aliporudi aliacha bidoni lake la maji limwagike. Binti alikuwa ametulia, kichwa chake kwenye mapaja ya reko.

"Ni nani alimukamata?"

"Miye."

Brigitte akakaa chini pale pale kwenye tope, akalia. Miaka sita, alisema, hakuna mtu alimugusa mutoto wake wakati anaanguka, hata dada yake Brigitte wa tumbo moja. Dorothée hakuweza kumtazama. Macho yake yalikuwa kwenye mkono wa Espérance, pale palipoungua, upana wa kiganja. Alijua hasa pameungua kwa muda gani: muda wa kuandika mstari mmoja.

Siku tatu zilizofuata hakukaribia moto. Alikula ndizi na mikate, akisikiliza mwili wake kila dakika, akingoja kuanguka. Kope ikichezacheza tu, moyo unamruka.

Ijumaa Dokta Olivier alipitia daftari kama kawaida. Kidole chake kikasimama. "Mama Dorothée, hapa umeandika saa ya kuanza. Dakika za kuisha ziko wapi?"

"Sikuangalia saa, Dokta. Mikono yangu ilikuwa na kazi."

Dokta alimtazama kidogo, akatabasamu, akapiga kistari mahali pale patupu na kugeuza ukurasa. Lakini Dorothée hakuondoka. Alifunga mlango, akasogeza kiti karibu, akaweka juu ya meza mikono yake iliyochubuka kwa majivu.

"Dokta," akasema kwa sauti ndogo, "ile maneno natangazaka kwa nyumba makumi ine. Uniambie kweli, siye wawili tu. Haiambukizi?"