Mwanafunzi wangu anamtafuta baba yake, na huyo baba yuko kwangu

Admin, ficha jina langu, na shule usiitaje kabisa, maana Bunda tunajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, naishi Manyamanyama na mume wangu na watoto wetu wawili. Mume wangu ni fundi ujenzi, mtu wa Butiama, mpole, hanywi. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza na fasihi katika sekondari moja huko njia ya Mugeta. Naomba mnisome hadi mwisho kabla hamjanitukana.

Muhula huu nafundisha kidato cha pili tamthilia ya kale sana, ya mfalme anayetaka kujua yeye ni mtoto wa nani. Kila mtu anamsihi aache kuuliza, yeye hakomi. Vitabu tunavyo vinne kwa watoto sitini, na Kiingereza chake kigumu hata kwangu, kwa hiyo huwa nawagawia nafasi wanaigiza kwa Kiswahili chao, ndipo tunarudi kwenye kitabu. Nafasi ya mfalme nilimpa binti wa miaka kumi na minne, nimwite Neema. Mtoto huyu akisimama mbele, hata watukutu wa nyuma wananyamaza. Siku hiyo nikajiona mwalimu kweli kweli, nikawapa kazi: nendeni nyumbani, muulizeni mkubwa jambo moja la kuzaliwa kwenu msilolijua, mliandike. Nikaongeza na maneno ya kishujaa, kwamba mtu ana haki ya kujua habari zake mwenyewe. Mdomo wangu huu!

Wenzake waliandika habari za kuzaliwa njiani na majina ya mababu. Neema aliandika kurasa tatu. Wasiojua mila yetu, niwaeleze: huku Mara mama asiyejaliwa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa binti, na watoto wa huyo binti wanakuwa wa nyumba ya yule mama. Tunaiita nyumba ntobhu. Mwanaume aliyemzalisha binti hana lake, wala hatajwi. Neema ni mtoto wa nyumba ya namna hiyo. Alimbana mama yake mzazi mpaka akasema: baba yako wa damu ni yule fundi aliyetupigia sakafu.

Sikushtuka. Mafundi ni wengi. Siku tatu baadaye yule mama mwenye nyumba, ambaye Neema humwita bibi, akaniita kwao. Nilimkuta amekaa mlangoni kwenye kigoda, hata kiti hakunipa.

"Mwalimu, wewe ndo unamfundisha mtoto kunikataa?"

"Hapana mama, ni somo tu."

"Somo gani linauliza baba? Baba wa huyu ni mimi. Ng'ombe nilitoa mimi. Alipokuwaga anaumwa, nani alikuwa anambeba mpaka hospitali? Huyo fundi?"

Nikainamisha kichwa kwa aibu, na hapo nikaona kizingiti. Kwenye saruji palichorwa nyota yenye mguu mmoja mrefu kuliko mingine. Mume wangu huichora nyota hiyo kwa ncha ya mwiko kila anapomaliza sakafu. Ipo kwangu mlango wa jikoni, watoto wangu wanaikanyaga kila asubuhi.

Mume wangu sasa anajenga Musoma, pale Iringo, anarudi mwisho wa wiki. Sikungoja. Nilimfuata saiti kesho yake, nikamuuliza palepale kwenye mifuko ya saruji. Hakukana. Alinawa mikono polepole kwanza.

"Nilikuwaga kijana, sijakujua wewe," akasema. "Yule mama mwenye nyumba aliniomba. Yule si mtoto wangu, mama watoto. Ni wa nyumba ile. Kwetu ndivyo ilivyo."

"Anakutafuta."

"Mwache atafute. Ukifungua mdomo, yule bibi ataona nimekuja kudai mtoto, atamfukuza na mama yake, na mimi sina pa kuwaweka. Umeelewa?"

Nina hasira naye. Sio kwa kuzaa kabla yangu, ila kwa miaka tisa ya kula sahani moja na mimi akiwa amekaa kimya. Na kinachoniuma zaidi, kuhusu yule bibi siwezi kusema amekosea. Neema akifukuzwa pale, shule yake imeishia hapo.

Jana baada ya kipindi Neema alinifuata ofisini. Akaniomba nimuulize mume wangu, kwa kuwa naye ni fundi, labda anawafahamu waliokuwa wakijenga Mugeta zamani. Nikasema nitamuuliza. Nilimdanganya huku namtazama, na kwa mara ya kwanza nikaona ana masikio ya mwanangu wa kwanza. Kisha akafungua kitabu, pale penye mtumishi aliyeijua siri ya mfalme tangu mwanzo akanyamaza.

"Madam," akasema, "huyu alinyamaza kwa sababu anampenda mfalme, au alikuwa anajiogopea mwenyewe?"

Nikamwambia tutajadili Jumatatu, darasa zima. Leo ni Jumamosi, mume wangu yuko sebuleni anacheza na watoto. Nishaurini ndugu zangu, hiyo Jumatatu nimjibu nini huyu mtoto?