Darasa la Mama Sebuleni

Serikali ya jiji letu la Nakuru ilipotangaza masomo ya bure mtandaoni kwa wakazi, nilimwandikisha Mama bila kumuuliza. Anafuga ng'ombe pembeni mwa jiji, njia ya Njoro, na siku zote ametamani kuuza yogati yake madukani. Lakini bila cheti cha usafi wa vyakula, hakuna duka linalomsikiliza.

"Nitasoma aje na meno inaisha?" aliniuliza. Somo la kwanza nilimkuta sebuleni kwake amevaa nguo ya kanisa, kaketi wima mbele ya kompyuta niliyomletea.

Nilidhani nimeandikisha mtu mmoja, kumbe chama kizima. Wanawake wenzake wa chama walikuja kila somo. Walifungua kwa maombi, chai ikazunguka, na mwalimu wa kwenye skrini akasalimiwa kwa heshima zote. Alipofika kwa bakteria, mmoja wao akamwambia, "Hiyo tunajua, endelea." Nilicheka hadi nikatoka nje.

Mtihani ndio ulioleta balaa. Sharti kamera iwake, na mtahiniwa awe peke yake chumbani. Lakini kwetu mtu haachwi peke yake siku yake kubwa. Wenzake wakaja na thamosi, wakajipanga nyuma yake. Mtihani ukajifunga papo hapo, ikabaki nafasi moja tu ya kuurudia.

"Mum, si uwaambie watoke!" Hasira zilikuwa zimenipanda.

"Kwani hiyo computer ni ya mchawi? Nani hufanya vitu pekee yake?"

Kisha akanivuta jikoni. Akasema tangu tumzike Baba hajawahi kuketi peke yake sebuleni, akikiangalia kile kiti cha Baba pale dirishani. Wageni wakiondoka, yeye huenda kukaa na ng'ombe. Mimi naishi Naivasha, nilikuwa nikija siku za masomo tu, sikujua. Iliniuma sana.

Wanawake ndio waliopata dawa. Walitoka, wakaketi kwenye nyasi nyuma ya ukuta wa sebule, karibu naye lakini nje ya kamera, wakanyamaza kimya, jambo ambalo sijawahi kuliona. Mama akafunga mlango mwenyewe.

Tulingoja hadi chai ikapoa. Nilipochungulia, skrini ilikuwa imeandika kwamba amepita, lakini mbele ya kompyuta hapakuwa na mtu. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha Baba.

"Rudisha mlango," akaniambia. "Nimekaa kidogo."