Almasi Saba kwenye Kamba ya Mwingine

Shaa. Kimya. Shaa. Hiyo sauti ninayo masikioni hadi leo: miguu miwili ikiburuzwa pamoja kwenye changarawe, kama ya mtu aliyefungwa vidole gumba vya miguu. Ukitaka kusema niliota, sema. Lakini nani anaota huku anakaza mafundo, tena saa nane ya mchana, jua la Kindu likichoma bati? Yalinipata mimi mwenyewe, na nayaandika kama yalivyokuwa.

Mujomba Ilunga, kaka ya mama, alikuja likizo kutoka mkoa wa Shaba. Kule alifanya kazi mgodini pamoja na Wajapani, na mmoja wao akamfundisha kufunga mizigo kwa namna ya kwao. Sisi tunafunga sanduku lisifunguke njiani, basi. Mjapani anafunga hadi lipendeze. Anakunja kamba katikati, anaishusha ikiwa mbili juu ya sanduku, anapiga mafundo yenye nafasi sawa. Kisha anazungusha ncha nyuma, anazirudisha mbele kushoto na kulia, anavuta zile kamba mbili za katikati zitanuke kati ya fundo na fundo. Panapotanuka panakuwa almasi. Chini yake nyingine, na nyingine.

Mujomba akasema Lubumbashi iko duka linalofunga zawadi za harusi, mwenye duka anamfahamu, anatafuta msichana mwenye vidole vizuri. Nikimfungia sanduku lake almasi saba, mstari mmoja usiopinda, kabla treni haijaondoka, nitapanda naye. Mimi nilikuwa nimeishia darasa la sita. Nililala Kindu, lakini ndoto zangu zilikuwa zimeshashuka stesheni ya Lubumbashi.

Shida ilikuwa kamba. Nikaona moja kwenye uzio wa jirani yetu Baba Amisi, fundi mbao: laini, ndefu, ina fundo huku na fundo kule. Nikaichukua. Kuomba nilisahau, au tuseme sikutaka kukumbuka.

Siku ya kwanza nilikuwa nimemaliza almasi mbili, nikasikia shaa. Akaingia uani mama nisiyemjua, kichwa chake kinapungukia mlango wetu kidogo tu, amejifunga kikwembe hadi kwenye nyayo. Hakusalimia.

"Unafunga mubaya," akasema. "Inakuwa fupi."

Nikamweleza kwa adabu kwamba ni almasi za Kijapani, lazima kamba ipungue. Akaingiza kidole, akavuta, ya pili ikalegea. Nilipoinua macho, hayupo.

Siku ya pili nikafika ya nne. Shaa. "Fupi." Akalegeza ya nne. Niamini, sikuogopa, nilikasirika. Mtaa mzima umelala, kuku wenyewe wamelala, yeye anakuja kunikosoa! Siku ya tatu nilikuwa na sita. Akaja tena, na safari hii macho yake yalikuwa sawa na kifua changu. Nikadhani mgongo wa uzee umemwinamisha. Nikamuuliza kama kwao hakuna kazi. Akajibu kwao ni kijiji cha Tunda, huku alikuja hospitali. Basi mama, nikamwambia, nenda hospitali. Tukabishana juu ya fundo kama watu wanaogombea zamu ya bomba la maji. Umewahi kusikia mtu akibishana hivyo na mgeni asiyekaa wala kupepesa macho?

Siku ya nne treni ikatangazwa. Nikafanya haraka, nikakaza ya saba kabla yule mama hajaja. Mujomba, tayari ndani ya koti lake la abakosi la safari, akalizunguka sanduku, akagusa almasi moja moja.

"Sitwayeni," akasema, akiniita mwananchi kama mtu mzima, "tafuta viatu."

Nilicheka hadi machozi. Hapo Baba Amisi akaingia kumuaga mujomba, akaliona sanduku, uso ukamkauka.

"Mutoto, kamba hii uliitoa wapi?"

Nikasema kwenye uzio wako, baba, unisamehe. Akakaa chini. Mita yake ya kupimia ilivunjika, akaeleza, kwa hiyo kamba ile ndiyo aliyompimia jeneza mama mmoja wa Tunda aliyefia hospitali bila ndugu. Fundo moja kichwani, fundo moja nyayoni. Kamba ya kipimo inalazwa kaburini pamoja na mwenyewe, kila fundi wa kwetu anajua. Lakini ilikuwa Jumamosi ya salongo, kazi ya lazima ya mtaa, vijana wa chama wanasukuma kila mtu akashike jembe, mazishi yakaenda mbio. Jioni akaikuta kamba mfukoni, akaitundika uzioni, akasema ataipeleka kesho; kesho yake haipo.

Shaa. Wao hawakusikia. Yule mama alikuwa pembeni ya sanduku, urefu wa mtoto wa miaka miwili, miguu imeshikana, uso uleule wa mtu mzima.

"Mutoto wangu," akasema polepole, "miye naisha."

Ungefanya nini? Honi ya treni ilikuwa inalia. Nikaanza kufungua. Mujomba akasema nimerukwa na akili, sasa zawadi za Lubumbashi zitafungwa na wenye akili. Niliendelea kufungua. Almasi moja ikifunguka, yule mama anarefuka; nyingine, anarefuka, hadi kichwa chake kikaupita mlango. Siku nne za vidole vyangu ziliisha kwa dakika chache. Mujomba akalifunga sanduku kwa mpira wa baiskeli, akaenda. Duka lilipata msichana mwingine.

Tangu siku ile siwezi. Almasi sita natoa, nzuri kabisa; ya saba inalegea yenyewe, iwe kwa kamba, iwe kwa uzi, iwe kwenye nywele za wadogo zangu. Inaniudhi sana, sikufichi. Kwa hiyo wewe unayesoma, kamba iliyotundikwa kwa fundi wa majeneza usiiguse. Kwanza uliza ilimpima nani, na aibu ya kuuliza uimeze.

Jioni ile nilikwenda makaburini, sikumwambia mtu. Nikachimba mfereji mwembamba kwa mfuniko wa sufuria, juu ya kaburi jipya la yule mama, kutoka kichwani hadi miguuni, nikailaza kamba yake. Ilikuwa bado inajikunja palipokuwa na almasi. Nikaishika huku na huku, nikaivuta hadi ikanyooka, nikaifukia udongo, nikaukalia hadi ikatulia.