Maikrofoni Moja ya Ngagara

Hunikera watu wakiniuliza studio ina haja gani na maikrofoni nyingi. Waje wasikilize kaseti yangu.

Wakati wa vita tulirekodi kwaya nzima chumbani kwetu Ngagara kwa maikrofoni moja, magodoro yakiwa ukutani kuzuia milio ya risasi. Wenye sauti ndogo walisimama mbele, wenye sauti kubwa nyuma. Dada yangu aliwashinda wote kwa sauti, nikamwambia, "We, rudi kule ku mlango." Akacheka, akarudi.

Kwaya ilitawanyika, dada yangu akafa. Lau kila mmoja angerekodiwa kwa maikrofoni yake, leo ningezima sauti za wengine nibaki naye. Sasa kila nikiongeza sauti, wanaonisogelea ni wale wengine. Yeye bado amesimama mlangoni.